Tomati ya Mandela ni tomati



Kila tarehe 18 ya mwezi wa saba, hapa kwetu hakukosekanaka mtu wa kutuwekea picha ya Mandela na maneno ya uongozi chini yake. Mimi pia niliwahi kufanya vile nikiwa mwaka wa kwanza, na nilipata ma-like mingi sana. Leo nataka kusema juu ya kitabu chake, « Un long chemin vers la liberté », lakini si kama kitabu cha uongozi. Nilikisoma mara ya pili mwaka uliopita kwa sababu moja yenye haikuwa ya siasa. Ndugu mdogo wa babu yangu, mwenye sisi wote tunaitaka Koko, alikuwa gerezani, na alikuwa na miaka 71. Mandela alifungwa akiwa na miaka 44, akatoka tarehe 11 mwezi wa pili 1990 akiwa na 71. Umri wenye yeye alitokea, Koko ndiyo aliingilia.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mpaka wa shamba. Wenye munatoka vijijini munajua hizo kesi, siwezi kuzieleza hapa. Ya muhimu ni kwamba alikaa ndani miezi mingi akingojea kusomewa kesi, kama vile wafungwa wengi wa inchi yetu wanangojea, na gereza sitalitaja jina.

Sasa, kitabu. Sehemu kubwa ya ile hadithi iliandikwa kwa siri kisiwani Robben, katikati ya miaka ya 1970. Ahmed Kathrada na Walter Sisulu ndio walimpa wazo: andika maisha yako, itoke ukifikisha miaka 60. Tuone vizuri iyo jambo. Ni watu watatu wanatembea ndani ya uwanja wa gereza, wenye kifungo cha maisha, na wanapanga anniversaire ya muzee mmoja miaka kadhaa mbele ya wakati. Mandela alikuwa anaandika usiku na kulala mchana. Mac Maharaj alitoa nakala moja nje alipofunguliwa 1976. Ile ya asili waliitia ndani ya mikebe ya kakao, wakaifukia chini ya udongo wa uwanja. Kisha wafanyakazi wakakuja kuchimba msingi wa ukuta, mikebe mingine ikaonekana, na wale wazee watatu wakanyimwa ruhusa ya masomo miaka minne.

Lakini kitabu chenye tunasoma sisi kilitoka mwisho wa 1994, kilipangwa pamoja na Richard Stengel, mwandishi wa habari wa Marekani, na siku kilitoka mwenye kitabu alikuwa tayari rais. Hapo ndipo niko na ugomvi nacho. Mfungwa aliandika juu ya maisha yake, na rais akapita nyuma yake akigeuza kila kitu kuwa somo kwa taifa. Ukisoma pole pole unasikia zile sauti mbili zinapokezana. Mimi nilikuwa natafuta sauti ya kwanza, ya mtu mwenye anazeeka ndani ya chumba, anajiuliza kama kichwa chake kitabaki sawa.

Kurasa zenye iyo sauti inasikika wazi ni za 1968 na 1969. Mama yake alikuja kumuona kisiwani. Wiki chache nyuma yake akapokea telegramu kwamba amekufa. Aliomba kwenda kuzika, wakakatala. Mwaka wenye kufuata telegramu ingine: mtoto wake wa kwanza, Thembi, amekufa katika aksida ya gari. Tena hakuruhusiwa kwenda. Alirudi chumbani akalala kitandani, hakutoka kula. Wenzake wakachungulia mlangoni, hakusema kitu. Mwishowe Walter Sisulu akaingia, akapiga magoti pembeni ya kitanda, akapewa ile telegramu, akaisoma. Akamushika mkono, hakusema neno. Wakabaki vile.

Ni mistari michache tu, na rais anapita haraka kwenda kwa mambo mengine. Kwangu mimi ndiyo ukurasa wenye nguvu kuliko yote, hata kuliko ile ya kesi ya Rivonia. Mandela alikuwa na miaka 50, na katika inchi nyingi wanaosoma mambo ya magereza wanahesabu mfungwa kuwa muzee tangu miaka 50 ao 55, juu maisha ya ndani inachosha mwili haraka kuliko ya nje. Basi huyu hapa tayari ni muzee wa gereza, amepotewa, hakuzika, halie mbele ya watu. Na dawa yenye alipata ni mwenzake wa miaka 57 mwenye alijua kunyamaza. Hakumwambia « jikaze, wewe ni kiongozi ». Hakumuuliza maswali. Siku hizi tunasema sana juu ya santé mentale, tunafanya semina na projekta na jus ya chupa, lakini sijaona semina yenye ilinionyesha kitu kama kile cha Sisulu.

Mwenye anataka kusikia ile sauti zaidi, namshauri aache kitabu hiki kidogo, atafute barua zake za gerezani zenye zilikusanywa 2018, miaka mia moja tangu azaliwe. Barua nyingi hazikufika kwa wenye aliwaandikia. Mule ndani hakuna rais. Mule kuna baba.

Sasa nifike kwa shamba, ndiyo kazi yangu.

Kisiwani, Mandela aliomba ruhusa ya kulima kipande kidogo pembeni ya ukuta. Walimukatalia miaka, kisha wakamuitikia. Udongo ulikuwa kavu, mawe mengi, juu uwanja ulijengwa mahali palikuwa pametupwa takataka. Aliondoa jiwe moja kwa moja kwa mkono, wenzake wakamcheka kwamba huyu si mulimaji, ni muchimba madini. Alianza na tomati, pilipili na vitunguu. Kwa agronomu, uchaguzi huo ni wa akili: pilipili inavumilia udongo masikini, kitunguu hakiombi kina kirefu. Tomati tu ndiyo ilikuwa kiburi kidogo! Alikuwa anaagiza vitabu vya kilimo, anasoma, anajaribu.

Mwezi wa tatu 1982 wakamuhamisha pamoja na wenzake mpaka gereza la Pollsmoor, karibu na Cape Town. Pale akaomba tena. Wakamupa mapipa 16 ya mafuta, yakakatwa katikati, ikawa vyungu 32 juu ya paa ya simenti. Nilifanya hesabu yangu pembeni ya ukurasa. Pipa la kawaida ni litri 200, nusu yake ni 100, mara 32 ni mita kibi tatu na kitu ya udongo. Udongo wote huo ulipandishwa juu kwa ngazi! Anasema siku moja alifika karibu mimea 900. Hiyo inafanya kama 28 kwa kila nusu pipa. Kwa vitunguu na karoti naamini, kwa shu na mbilingani siwezi kuamini, lakini ni muzee anasifia shamba lake, nani atabishana naye. Kila asubuhi alikuwa anavaa kofia ya majani na glovu, anafanya kazi masaa mbili. Siku ya yenga alikuwa anatoa mboga kwa jiko ili wafungwa wale vizuri, na zingine anapatia askari, wenye walikuwa wanakuja na mufuko wao.

Kisiwani kulikuwa na mti mmoja wa tomati wenye aliuangalia tangu mbegu mpaka ukazaa, kisha, akikosa mahali ama akikosa kuuangalia vizuri, ukaanza kufa, na yote alifanya hayakusaidia. Aliung'oa, akaosha mizizi, akauzika ndani ya ile bustani. Alimuandikia Winnie barua mbili juu yake.

Hapo ndipo rais anaingia na viatu vyake. Anatuambia kwamba bustani ni mfano: kiongozi naye analima, anapanda, anavuna, anakubali matokeo. Watu wenye wanawekaka maneno ya Mandela kwenye telefone zao wanapenda sana hiyo sehemu. Mimi nilifunga kitabu kwa hasira, nawaambia kweli. Muzee ameosha mizizi ya mti wenye umekufa! Mti hauoshwi mizizi kama ni mfano. Mtu mwenye hakuruhusiwa kumuzika mama yake wala mtoto wake, siku moja akapata kitu chenye aliruhusiwa kuzika. Kitabu hakisemi vile, na sisemi kwamba Mandela mwenyewe alifikiri vile. Nasema kwamba ule mti wa tomati una uzito wenye neno « uongozi » haliwezi kubeba, na ni pale kitabu kingeweza kutufundisha kitu juu ya kichwa cha muzee mwenye kufungwa, kikakimbia.

Sisi wa agronomia tunajua tomati inafanyaka nini. Inakaa pepinyeri wiki tatu ao inne, unaipandikiza, kisha siku 60 mpaka 80 unangoja tunda, kufuatana na aina. Unamwagilia asubuhi, unaondoa vichipukizi vya pembeni, unafunga kwa kijiti. Ndani ya gereza siku zote zinafanana, na hilo ndilo linaua wazee polepole: hakuna jana, hakuna kesho, kuna paka kengele na chakula. Mtu mwenye ako na tomati ako na kalenda. Anajua leo ni siku ya kufunga kijiti. Anajua kuna kitu kitamkosa asipoamka. Hiyo si mfano wa kitu kingine. Ni yenyewe.

Nirudi kwa Koko. Mwezi wa kwanza alikuwa anatuuliza habari za kila ng'ombe na kila jirani. Mwezi wa tatu akapunguza. Mwezi wa tano tulimletea bugali na sombe ya mama, juu vungule ya mule, mahindi na maharagi, tumbo lake lilikuwa limeikatala, na hakufungua hata sahani. Aliniita jina la baba yangu. Aliacha kuoga. Niliuliza askari mmoja kama muganga amemuona, akanijibu, bila ubaya hata kidogo: « Ah, petit, ile ni uzee. Bazee biko vile. »

Ni hiyo « ni uzee » yenye ninapigana nayo. Huzuni kubwa kwa muzee mara mingi haiji na machozi. Inakuja na kimya, na maumivu ya mgongo, na kukatala chakula, na kusahau majina, na wote tunasema uzee. Kuna uzee wa kweli wenye unakula akili, na kuna huzuni yenye inavaa nguo zake, na hiyo ya pili inaweza kupona mtu akisaidiwa. Lakini kama hakuna mwenye kuangalia, zote mbili zinazikwa pamoja. Mwaka wa 2015 Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni 122 juu ya namna ya kuwatendea wafungwa, na ukazipa jina la Mandela. Zinakataza kumfunga mtu peke yake kupita siku 15 mfululizo, zinaomba afya ya akili iangaliwe sawa na ya mwili, zinatenga vijana na watu wazima. Sehemu yao wenyewe wazee hawana. Kanuni zenye jina la mtu mwenye alizeeka gerezani!

Na kuna kitu kibaya zaidi, chenye kitabu hiki kinatengeneza bila kutaka. Mjomba wangu mmoja, mtu wa kusoma, alimwambia Koko siku ya vizite: « Mandela alivumilia miaka 27, na wewe miezi sita? » Alitaka kumtia nguvu. Koko aliinamisha kichwa. Ndiyo matokeo ya kusoma maisha ya mtu kama somo la ushujaa: kila muzee mwenye anaanguka anaonekana muzembe. Lakini soma vizuri. Miaka mingi Mandela hakuvumilia peke yake. Alikuwa na Sisulu, Kathrada, Mhlaba. Alikuwa na mawakili, alikuwa na dunia nzima inaimba jina lake, alikuwa na sababu yenye alijua ni ya haki. Wafungwa wa kawaida, wenye walifungwa kwa wizi ama kwa ugomvi, wanapita ndani ya kitabu kama kivuli nyuma ya ukuta, na hatuambiwi wao wanazeeka namna gani. Koko alikuwa na kesi ya mita kumi ya ardhi na mwenzake wa godoro mwenye miaka 22.

Kitu kimoja ambacho gereza letu linashinda lile la Mandela, niseme kweli: sisi tulikuwa tunamgusa. Mandela alingoja mpaka mwezi wa tano 1984 ndipo akamkumbatia mke wake, miaka 21 tangu mara ya mwisho. Sisi, kila mlango unaomba franka yake, lakini ukifika unaweza kumshika muzee wako mkono. Basi nikafanya kama Sisulu. Siku moja nilikaa pembeni yake saa nzima bila kusema kitu. Ilinikaza, mnanijua mimi kwa maneno. Hakuongea. Lakini wakati wa kuondoka hakuachia mkono haraka.

Wiki yenye kufuata nikaleta beseni kuukuu lenye nilitoboa matundu chini, udongo mweusi wa nyumba kwetu uliochanganywa na mavi ya sungura iliyoiva, na mbegu za lengalenga ndani ya karatasi. Sikuchukua tomati, juu tomati ni ya kungoja na Koko hakuwa na moyo wa kungoja. Lengalenga inatoka siku nne ao tano, wiki ya tatu ao ya nne unachuma, unachuma tena. Kapita wa wafungwa alicheka sana lakini akaacha lipite, akisema na yeye atachuma. Koko aliangalia mbegu kwenye kiganja changu, akasema neno lake la kwanza kwa wiki mbili: « Umezitosha mingi. Zitapigana. »

Miaka mitano ya chuo kikuu, na ni kweli, nilikuwa nimezidisha mbegu!

Sitawadanganya kwamba alipona. Aliendelea kuniita jina la baba. Siku zingine hakutaka kuniona. Beseni la kwanza vijana walilivuna usiku wakapika yote mpaka mizizi, nikafikiri atavunjika kabisa, lakini alikasirika, akagombana nao kwa sauti, na mimi nilifurahi sana kusikia ile sauti ya hasira, juu muzee mwenye anakasirika ako hai. Akapanda tena. Akaanza kuoga, sababu alisema mikono yenye udongo haiwezi kushika bugali. Muzee mwingine, wa chumba cha pembeni, akaja kumuonyesha namna ya kwao ya kukata majani, wakabishana juu ya hilo majuma. Hiyo kubishana naiweka sawa na dawa.

Alipofunguliwa, beseni alimuachia yule mwenzake.

Miezi miwili nyuma, Koko aliniambia nimpeleke siku ya yenga kuona kama muzee amepandikiza. Tulipanda moto, tukafika mpaka kwenye mlango mkubwa, akasimama. Hakuweza kuingia. Miguu ilikatala. Alinipa karatasi ya mbegu, akakaa chini ya mwavuli wa mama mmoja mwenye anauza mikate, na mimi nikaingia. Yule muzee alikuwa amehamishwa, hakuna mwenye alijua wapi. Beseni walikuwa wanafulia nguo. Udongo walikuwa wameumwaga kwenye pembe ya ukuta, na juu yake lengalenga zilikuwa zimejiotea zenyewe, zimesongana, juu hiyo mmea ikiachwa inamwaga mbegu maelfu na haingoji mtu.

Nilitoka nikamwambia Koko yote vile nilivyoona, ya muzee na ya beseni na ya ukuta. Alinyamaza, akamaliza mkate.

« Zinafika wapi? Ku magoti? »

Nikamwambia zilipita magoti.

« Basi zimekomaa. Ungezikata. »

Tukapanda moto tukarudi.